Watakuuliza kwanza wewe mtoto wa nani

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana hunitafuta. Wengine wako chuoni wanaandika tasnifu, wengine wamepata kibarua cha wiki tatu cha udadisi, yaani kuhoji watu kuhusu uchaguzi na imani yao kwa taasisi: wanapewa kishikwambi, fulana na posho, wanapandishwa boti ya asubuhi kwenda Mkoani, Pemba. Wote huja na swali moja, nao huliuliza kwa sauti ya chini kama wanaoomba dawa: nifanye nini ili watu waniambie ukweli? Ukweli watu wanao, na kuusema wanaweza. Wanachotaka kujua kwanza ni unapelekwa wapi ukishatoka mdomoni mwao. Kazi yako inaanzia hapo, na lile dodoso ulilolitolea jasho chuoni linafuata baadaye.

Mimi naifanya kazi hii tangu 2005, mwaka ambao Zanzibar ilipiga kura kwa mara ya kwanza kwa kutumia Daftari la Kudumu la Wapigakura. Nilianza mdadisi wa kawaida, nikaja kuwa msimamizi wa timu, Unguja na Pemba. Mengi niliyoyajua nimeyajua kwa kuharibu. Nayaandika ili nyinyi mkaharibu mengine, haya yangu yametosha.

La kwanza kuliharibu lilikuwa gari. Timu yetu haikuwa na usafiri, waliotuajiri wakaazima gari kutoka ofisi moja ya umma, na namba zake za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zikionekana mbele na nyuma. Tukaingia nayo kwenye shehia moja, ndilo eneo dogo kabisa la utawala kwetu, kaskazini ya Pemba, tukaegesha chini ya mwembe, mbele ya msikiti, kwa sababu hapo ndipo penye kivuli. Siku mbili tulihoji, na siku mbili kila mtu alikuwa anaiamini kila taasisi. Rais, sana. Tume ya Uchaguzi, sana. Polisi, sana. Mwenzangu mmoja alifurahi, akasema watu wa Pemba wanasingiziwa tu kuwa hawaiamini serikali. Siku ya tatu gari ikagoma. Shehia iliyofuata tukaenda kwa gari ya shamba, tukashuka njia panda, tukaingia ndani kwa miguu na mikoba yetu begani. Majibu tuliyoyapata huko ungedhani ni ya kisiwa kingine, na baina ya shehia hizo mbili hapafiki mwendo wa saa moja. Data ya shehia ya kwanza iliingia kwenye majedwali kama ilivyo. Mpaka leo nikiiona ile safu ya "sana", naliona gari chini ya mwembe.

Afrobarometer, ambao kwa Tanzania kazi yao hufanywa na REPOA, wana swali wanaloliweka mwishoni kabisa mwa dodoso: unadhani nani ametutuma kukuhoji? Mdadisi ameshajitambulisha mwanzo kwamba hatoki serikalini, ameshasoma maneno ya ridhaa, wamekaa pamoja saa nzima, na bado wako wengi wanaojibu "serikali". Swali hilo liweke kwenye dodoso lako, halafu ukichambua, tenganisha majibu ya wale waliosema serikali na ya waliosema vingine. Anayekudhania umetumwa na serikali kwa kawaida huonyesha imani kubwa zaidi kwa serikali. Ukiwachanganya wote kwenye asilimia moja, unakuwa umepima imani na tahadhari kwa kijiko kimoja.

Sasa hilo la mtoto wa nani. Ukipiga hodi kwa mtu mzima, Pemba hasa lakini hata Makunduchi na Nungwi, utaamkia, utajitambulisha, utaonyesha kitambulisho chako chenye picha na mhuri. Atakitazama kwa adabu tu. Kisha atakuuliza: kwenu wapi? Ukisema Wete atauliza Wete ya wapi. Ukitaja mtaa atauliza nyumba ya nani. Wageni, na hasa waliotoka Bara, huliona hili kama kupoteza muda, nimewaona wakiangalia saa. Haupotei hapo hata dakika moja. Yule mzee anakuhoji wewe, na dodoso lake ni zuri kuliko lako, kwa sababu kwa maswali matatu anajua ukoo, chama kinachodhaniwa kuwa cha ukoo huo, na nani wa kumuuliza habari zako kesho. Kwetu sisi jina la mahali lina uzito wa kura ndani yake: ukisema Mtambwe ya Pemba watu wanasikia kitu, ukisema Donge ya Unguja wanasikia kingine.

Mjibu kweli. Kwetu Pemba, nimekulia Ng'ambo, Unguja, ndivyo ninavyosema, na wakitaka zaidi nawapa. Kijana wangu mmoja kutoka Donge alijaribu kusema kwao Chake Chake, Pemba, akadhani anarahisisha mambo. Akaulizwa Chake ya Wawi au ya Tibirinzi, akababaika, na mlango ukafungwa kwa upole ule wa kwetu: "Karibu siku nyingine, leo tuna mgonjwa." Mgonjwa hakuwepo.

Kabla ya hodi kuna sheha, mkuu wa shehia. Utakuwa na kibali cha utafiti kutoka Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, utapita wilayani, na mwisho utafika kwa sheha na barua zako. Usimruke. Shehia ni ndogo, habari zako zimefika kabla yako, na sheha asiyejua umefuata nini ana haki ya kukuzuia. Lakini jua pia anakaa wapi katika jambo hili unalolichunguza. Sheha hachaguliwi kwa kura, huteuliwa. Yeye ndiye anayewajua wakaazi, na ushahidi wake unahitajika katika safari ya kupata Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho bila hicho huandikishwi kuwa mpiga kura wa Zanzibar. Kwa hiyo kumuuliza mtu "unaiamini Tume?" wakati sheha au msaidizi wake amekaa hatua tano ni sawa na kumuuliza mtu habari za mkwewe, mkwe yuko ukumbini.

Namna ninavyofanya: nakaa kwa sheha, nakunywa chai yake, namweleza kazi yote bila kuficha, naomba mhuri na sahihi. Akisema "nitakupa kijana akutembeze", nasema, "Sheha wangu, ahsante, atuonyeshe mipaka tu, nyumba tutazipata wenyewe kwa hesabu yetu, na jioni tutapita kuaga." Wengi wanakubali. Wakikataa, naandika kwenye fomu kwamba mtu wa tatu alikuwepo. Dodoso zuri lina mahali pa kuandika hilo. Lako kama halina, chora kiboksi kwa mkono.

Habari ya kitambulisho inanipeleka kwenye kosa jingine la wanaoanza. Wanauliza siku ya kura tu. Foleni ilikuwaje, wino ulikuwepo, mawakala walikuwepo, matokeo yalibandikwa mlangoni? Maswali ya maana, sikatai. Lakini kwa mtu wa Micheweni au wa Mkwajuni uchaguzi huanza siku alipokwenda kutafuta kitambulisho, ukaendelea siku ya kuandikishwa, ukapita siku daftari lilipobandikwa akatafuta jina lake kwa kidole. Kama siku hizo zilimwendea vizuri, atakwambia jambo moja kuhusu Tume. Kama alirudishwa, siku ya kura yenyewe hata ikiwa shwari namna gani haimbadilishi. Uliza: kitambulisho ulikipata lini? Ulikwenda mara ngapi? Watu wanaosita kujibu swali la imani, hili la mara ngapi wanalijibu kwa furaha, na hadithi juu.

Kuhusu maneno. Dodoso nyingi zinakuja zimeandikwa Dar es Salaam au mbali zaidi, na zinadhani nchi ina rais mmoja, bunge moja na tume moja. Hapa mpiga kura anachagua Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani chini ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na siku hiyohiyo anachagua Rais wa Muungano na Mbunge chini ya Tume ya Taifa, ambayo sasa inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kura tano kwa mkono mmoja. Ukimuuliza "una imani kiasi gani na Rais?" mwerevu atakuuliza "yupi?", na asiyetaka maneno atajibu bila kukuuliza, nawe hutajua amemjibu nani. Polisi vilevile: Polisi ni wa Muungano, lakini ukisema "askari" mtu anaweza kuwa na vikosi vya SMZ kichwani, JKU, KMKM, Valantia. Taja kila kimoja kwa jina lake.

Mwaka 2015 ndio unaoonyesha kwa nini hili si suala la ufundi tu. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar wote. Kura za Muungano zilizopigwa siku hiyohiyo, na watu walewale, kwenye skuli zilezile, zikabaki halali na zikahesabiwa. Sasa fikiria umekwenda na swali linalosema "Tume ya Uchaguzi" bila jina. Mtu mmoja alishawahi kunijibu: "Ya meza ya kulia au ya meza ya kushoto?" Nikacheka, halafu nikaona ndiyo lugha sahihi kuliko ile ya dodoso langu.

Na "imani" yenyewe ni neno zito kwa watu wa dini. Nimehoji wazee waliokataa katakata kusema wana "imani" na chombo cha wanadamu, kwa sababu imani kwao ni ya Mwenyezi Mungu, na hawakuwa na tatizo lolote na hicho chombo. "Unaiamini" inapita vizuri zaidi. "Unaitegemea itende haki" inapita vizuri kuliko zote ila ni ndefu, na ukibadilisha maneno ya swali njiani umeharibu ulinganisho na mwaka wa nyuma. Basi yajaribu kabla, kwenye shehia mbili tatu ambazo hazimo katika sampuli yako, halafu yafunge.

Usisahau majibu yasiyomo katika orodha. Mdadisi mmoja mgeni alirudi jioni na shehia nzima ya "kidogo". Nilipomwambia anisomee walivyosema, akasema walikuwa wanajibu "si haba". Yeye alisikia haba, akaandika kidogo. Kwetu "si haba" ni kiasi cha kutosha, mtu anakusifia! Na "sijui" ina namna zake. Iko sijui ya kutojua. Iko "wenyewe wanajua", ambayo ni jibu kamili. Iko "Mungu ndiye ajuaye", inayosemwa huku mtu anainuka, maana yake mahojiano yamekwisha. Kishikwambi kinakupa vitufe viwili, sijui na amekataa kujibu. Andika na maneno yenyewe pembeni, hata kwa kifupi. Katika kazi zangu zote, safu ya maneno ya pembeni ndiyo iliyonisaidia kuelewa safu nyingine.

Nieleze kidogo siku moja. Ilikuwa baada ya ule uchaguzi uliofutwa kurudiwa Machi 2016, msimu wa karafuu, si mbali na Wete. Bibi mmoja amekaa juu ya jamvi uani anachambua karafuu: anachukua kichane, anakivunja kwa viganja, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande huu. Vidole vimeshakuwa vyeusi. Mimi nimekaa kigodani, kishikwambi mapajani. Msaidizi wa sheha yuko barazani, alikataa kubaki nyuma, na mlango baina yetu uko wazi. Nauliza, bibi anajibu bila kuinua uso. Sana. Sana. Sana. Nikafika swali la Tume: sana. Naye haachi kuchambua.

Ikaadhiniwa adhuhuri, yule kijana akaondoka kwenda msikitini. Bibi akasikiliza viatu vyake mpaka vikapotea. Akasema:

"Mwanangu, ile ya kura irudie."

"Umesema sana, bibi."

"Najua nilivyosema. Nilisema kwa kuwa yule alikuwepo."

Nikamuuliza basi nibadilishe niweke nini. Akachukua kichane kingine, akakivunja.

"Uache hivyohivyo ulivyoandika. Nimetaka ujue tu."

Nikaacha. Wako watakaosema ningebadilisha, kwamba jibu la kweli ni la pili. Lakini la pili hakunipa. Alichonipa ni ruhusa ya kutoliamini la kwanza. Niliandika pembeni: mtu wa tatu alikuwepo mpaka adhuhuri, mhojiwa ameomba jibu libaki. Nikiwa nafundisha wadadisi wapya, naanza na huyu bibi, na kila mara mmoja huniuliza alitaka kusema nini hasa. Sijamhoji mara ya pili.

Wakati ni jambo jingine, kwa maana mbili. Ya kwanza ni kalenda ya watu. Ukienda nyumba kwa nyumba mchana utapata kina mama, wazee na walimu wa zamu ya asubuhi. Wanaume wa Kojani wako dago, kambi za uvuvi mbali na kwao, pengine miezi. Wavuvi wa dagaa wanalala mchana na usiku hawapo, ila mwezi ukiwa mpevu hawatoki, siku hizo ndizo za kuwafuata. Msimu wa karafuu watu wako mashambani tangu alfajiri, na jioni wamechoka. Ramadhani usihoji mtu baada ya alasiri, ataitikia tu ili uondoke. Waliokwenda Tanga, Mombasa na Dar kufanya biashara wamo kwenye daftari la shehia na hutawaona. Ukimbadilisha kila asiyekuwepo kwa jirani aliyepo, mwisho unapata maoni ya watu wanaokaa nyumbani.

Maana ya pili ni tarehe. Mwaka 2005 na mwanzo wa 2009 nikihoji, watu walinijibu mlangoni, nimesimama. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani CUF, wakakutana Ikulu ya Zanzibar, yakazaliwa yale tunayoyaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi ile nilihoji shehia zilezile kwa maswali yaleyale, nikakaribishwa ndani nikaletewa mikate ya ufuta. Uchaguzi wa Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alimshinda Maalim Seif kwa asilimia 50.1 kwa 49.1, pengo la kuwasha moto mwaka mwingine wowote, na hali ikatulia. Miaka sita baadaye nikawa nimerudi tena mlangoni. Sasa mwanafunzi anachukua takwimu za imani za mwaka mmoja, anaandika "Wazanzibari wana imani kiasi hiki", wakati wowote, milele. Andika mwezi. Andika kilichotokea wiki iliyopita.

Na ukihoji wazee, waulize wanazungumzia lini. Mzee anaweza kukwambia "kura hapa haina faida", nawe ukaandika amekata tamaa na uchaguzi uliopita. Muulize: uchaguzi gani, mzee? Nimeambiwa "ule wa Mngereza". Wanayaita zama za siasa, tangu 1957 mpaka Mapinduzi, na hawajayasahau. Januari 1961 viti vya kugombewa vilikuwa 22: Afro-Shirazi Party (ASP) 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, ikawa 11 kwa 11, na kiti cha Chake Chake kilikuwa kimeamuliwa kwa kura moja. Ukarudiwa Juni mwaka huohuo na kiti kimoja zaidi, Unguja ikaingia fujo, wakafa watu 68. Julai 1963 ASP ikapata kama asilimia 54 ya kura zote na ikakosa serikali, kwa kuwa ZNP na ZPPP kwa pamoja walichukua viti 18 kati ya 31. Baba wa huyo mzee alikuwa upande mmoja katika hayo. Mjukuu wake wa miaka 19 atakwambia anachagua kwa kuangalia ajira na bei ya mchele, na pengine ni kweli, lakini jioni anakula sinia moja na babu.

Mkifika kwenye hesabu, nina ugomvi na namba 384. Kila tasnifu ninayoletewa ina watu 384. Mnaitoa kwenye ile kanuni ya ukubwa wa sampuli, asilimia 95 ya uhakika, makosa asilimia 5, na hapo fikra zinasimama. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na Pemba ni kidogo chini ya asilimia 30 ya hao. Ukigawa 384 kwa uwiano, Pemba unabaki na watu kama 110. Kwa watu 110 kiwango cha makosa ni karibu asilimia 9 juu na 9 chini, hapo hujazingatia kwamba umewakuta kwenye shehia tano na nusu yao ni ndugu. Uchaguzi wa 1995 Dk. Salmin Amour alipata asilimia 50.2 na Maalim Seif 49.8, na CUF ikachukua majimbo yote 21 ya Pemba. Kisiwa ambacho kura zake zinafanana hivyo ndani yake, na hazifanani na za kisiwa cha pili, huwezi kukipima kwa mabaki ya sampuli. Panga Pemba peke yake na Unguja peke yake, kila kimoja na sampuli yake ya kutosha, kisha uzito uurekebishe kwenye jumla.

Matokeo rasmi nayo yana mtego wake kwa anayesoma tabia za wapiga kura. Ukichora mstari wa mshindi wa urais wa Zanzibar utaona 50.1 mwaka 2010, halafu 91.4 katika marudio ya Machi 2016, halafu 76.27 mwaka 2020 alipotangazwa Dk. Hussein Mwinyi. Nimesoma kazi ya mwanafunzi aliyeeleza ule mruko wa 2016 kwa "mabadiliko ya mtazamo wa wapiga kura". Hakusema kwamba CUF ilisusia na kuwataka wafuasi wake wasiende. Kabla hujaeleza asilimia, eleza nani alikuwemo kwenye karatasi ya kura, nani alibaki nyumbani, na daftari lilikuwa la watu wangapi. Na angalia sheria iliyokuwepo: tangu 2020 kuna kura ya mapema, inayopigwa siku moja kabla na askari na wasimamizi, jambo ambalo vyama vimelivutana sana. Dodoso lisemalo "siku ya uchaguzi" limeshapitwa.

Nani ulimpigia? Watoto wa chuo wanapenda swali hilo, nami siliulizi. Kwanza kura ni siri na mtu ana haki yake. Pili, baada ya matokeo kutangazwa, walioshinda huongezeka wapiga kura katika kumbukumbu za watu. Nauliza kama alipata nafasi ya kupiga, kama kulikuwa na kizuizi, kama anadhani kura yake ilihesabiwa. Hilo la mwisho ndilo lenye asali.

Kwenye mabaraza ya siasa nendeni, ila kwa kusikiliza. Jaws Corner pale Mji Mkongwe na Kisonge pale Michenzani ni maskani zinazojulikana, kila moja na upande wake na ubao wake wa maneno. Kunyweni kahawa, someni ubao, mtajua wiki hii watu wanabishania nini. Msiwahesabu kuwa sampuli. Wanaokaa pale ni wasemaji, na msemaji hujibu kwa niaba ya wengine hata umuulize jina lake.

Usalama nautaja kwa kifupi kwa kuwa si wa mchezo. Januari 2001 zaidi ya watu 30 walikufa katika maandamano ya baada ya uchaguzi, wengine wengi wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Watu mnaowahoji wamezika, au wamekimbia, au wanamjua aliyekimbia. Usiandike jina mahali popote. Usirekodi sauti bila ruhusa ya wazi, na ukikatazwa zima simu mbele yake, aione inazimika. Picha ya nyumba kwa ajili ya "kumbukumbu ya kazi" acheni kabisa.

Mwisho rudini. Watafiti huja, huhoji, hupotea, na shehia inakumbuka. Mimi nilianza kurudi mwaka 2011, na karatasi mbili za matokeo kwa Kiswahili, herufi kubwa, nikamsomea sheha na waliokuwepo barazani. Mzee mmoja niliyekuwa nimemhoji akaichukua karatasi, akaitazama kwa miwani, akauliza:

"Langu liko wapi?"

Nikamwambia majina hayamo, mzee, yamekuwa hesabu. Akasema hesabu anaijua, anataka kuona alipo. Nikamsomea mstari mmoja mmoja: wanaoiamini sana, kiasi, kidogo, hata kidogo, sijui. Akaweka ukucha kwenye mstari wa "sijui", akautazama urefu wake ukilinganisha na mingine, akawaonyesha wenzake. Wakacheka, mimi sikuelewa wanacheka nini. Halafu wote wakataka nakala, nami nilikuwa nimechapisha tatu tu. Chapisheni nyingi, angalau 30 kwa shehia, na mtie na za skuli.